Herman Hollerith, Aliyehesabu Watu kwa Matundu

Wasomaji wa gazeti letu, tumezoea kusoma habari za wafalme, wapelelezi wa nchi na majemadari wa vita. Muhula huu nimeona vema niwaletee habari za mtu ambaye hakutawala nchi wala hakupigana vita. Alikuwa mtu wa kuhesabu tu. Hata hivyo, mizizi ya kazi yake imo katika kila ofisi inayotunza majina ya watu kwa kompyuta, tangu bomani Kilosa hata langoni pa Hifadhi ya Mikumi. Mtu huyo ni Herman Hollerith. Vitabu vya somo la kompyuta humtaja kwa mistari miwili mitatu, kisha hupita. Nadhani anastahili zaidi ya hapo, kwa sababu ndani ya maisha yake mna jambo ambalo laweza kumfaa au kumdhuru kila mmoja wetu hata leo.

Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari, 1860, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia huko. Tarehe hiyo ya kuzaliwa ni ya ajabu kidogo, kwani 29 Februari haiji ila katika mwaka mrefu. Tena mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, basi alingoja toka 1896 hata 1904, miaka 8 mizima, pasipo kuiona siku yake. Nimepiga hesabu nikaona kwamba katika maisha yake yote siku hiyo ilimrudia mara 16 tu. Kwa hesabu hiyo alikufa akiwa mdogo kuliko mimi mwenye miaka 17!

Baba yake alifariki Herman akiwa angali mtoto, akalelewa na mama yake. Inasimuliwa kwamba shuleni alisumbuliwa sana na imla. Kuandika maneno bila makosa kulimshinda hata akaichukia shule, ikabidi afundishwe pembeni na mwalimu wake mwenyewe. Lakini katika hesabu na ufundi alikuwa hodari. Akaingia Chuo cha Columbia, mjini New York, akasomea uhandisi wa madini, akahitimu mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 19.

Mmoja wa walimu wake, Bwana William Trowbridge, alikuwa pia na kazi katika hesabu ya watu ya mwaka 1880, akamchukua kijana huyu awe msaidizi wake. Hapo ndipo Hollerith alipoonana uso kwa uso na tatizo lililofanya jina lake. Watu wa Marekani walikuwa wamepata milioni 50. Kila mtu aliandikwa katika karatasi: umri wake, kazi yake, mahali alipozaliwa, na mengineyo. Kisha makarani walikaa kutwa wakichora alama ndogo ndogo kwa kalamu na kuzijumlisha, na aliyetaka kujua jambo jingine juu ya watu wale wale alianza tena upya. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 7. Kwa kuwa sheria ya kwao huamuru watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10, ilionekana dhahiri kwamba watu wakizidi kuongezeka, itafika siku ambapo hesabu moja haijamalizika na nyingine imekwisha kupiga hodi.

Katika ofisi hiyo alikuwapo daktari mmoja jina lake John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo. Huyo ndiye aliyempa Hollerith shauri kwamba ingefaa ipatikane mashine ya kufanya kazi hiyo ya kuchosha. Hollerith akalitia moyoni. Mwaka 1882 alikwenda kufundisha katika chuo cha MIT, lakini kazi ya ualimu haikumkaa. Baadaye akafanya kazi katika ofisi ya serikali inayoandikisha uvumbuzi, na huko akajifunza jinsi mvumbuzi anavyoweza kuilinda mali ya akili yake.

Wenzangu wa Kilosa, sisi tuliokua karibu na Reli ya Kati tutapendezwa kujua kwamba fikira yenyewe ilimjia katika gari-moshi. Siku hizo mkaguzi wa tiketi katika reli za Marekani alikuwa na koleo ya kutobolea. Kwa kuwa watu wengine walizoea kuiba tiketi na kusafiria tiketi za wenzao, mkaguzi alitoboa katika tiketi sura ya mwenyewe: nywele zake ni za rangi gani, macho yake yakoje, pua ni kubwa au ndogo. Basi kila tiketi ikawa kama picha ya mtu iliyochorwa kwa matundu. Hollerith aliposafiri akaliona jambo hilo, akapata ufunguo. Kama matundu yaweza kueleza pua ya msafiri, yaweza pia kueleza umri wake, kazi yake na mahali alipozaliwa.

Kwanza alijaribu kutoboa matundu katika utepe mrefu wa karatasi. Akaona kasoro yake upesi: ukitaka habari za mtu mmoja, huna budi kuukunjua utepe wote mpaka umfikie. Ndipo akaacha utepe akashika kadi, mtu mmoja kadi yake moja. Kadi zaweza kuchambuliwa, kupangwa, kutolewa na kurudishwa. Watunza kumbukumbu wote wa leo, hata wanaotumia kompyuta, wanaufuata mpango huo huo: kila mtu ana mstari wake, na kila habari ina nafasi yake.

Mashine yake ilifanya kazi hivi. Karani aliweka kadi mahali pake akashusha mkono wa mashine wenye sindano nyingi. Palipokuwa na karatasi, sindano ilizuiwa. Palipokuwa na tundu, sindano ilipenya ikagusa kikombe kidogo chenye zebaki chini yake, umeme ukapita, na mshale katika saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Saa hizo zilikuwa 40 mbele ya karani, kama saa za ukutani zilizopangwa kwa safu. Pembeni palikuwa na sanduku lenye vyumba vingi, na kifuniko cha chumba kinachofaa kilifunguka chenyewe ili karani atie kadi humo.

Alipata hati za serikali za kuulinda uvumbuzi wake tarehe 8 Januari, 1889. Mwaka huo huo serikali ilishindanisha njia 3 za kuhesabu ili ichague moja. Baada ya habari kuandikwa, kazi ya kuzijumlisha iliwachukua wapinzani wake wawili saa 44 na nusu, na saa 55 na nusu. Mashine ya Hollerith ilitumia saa 5 na nusu. Basi shindano likaishia hapo. Katika hesabu ya watu ya 1890 mashine zake zilipewa kazi, na jumla ya watu wote, zaidi ya milioni 62, ikajulikana mwaka ule ule. Wako waliokasirika, maana walitarajia nchi yao iwe na watu wengi zaidi, wakailaumu mashine. Lakini mashine haikuwa na kosa.

Mwaka huo wa 1890 ulikuwa wa neema kwake. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo cha Columbia, na akamwoa Bibi Lucia Talcott, wakajaliwa watoto 6. Mashine zake zikaitwa Austria, Kanada na Norwe, na mwaka 1897 zikafanya kazi katika hesabu ya watu ya Urusi. Hata makampuni ya reli yakazitaka kwa hesabu za mizigo. Mwaka 1896 akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Sasa naomba wasomaji tusimame kidogo tutazame jambo ambalo wengi hulipita. Kadi ya mwaka 1890 ilikuwa na nafasi 288 tu za kutoboa. Nafasi zikiisha, zimeisha. Jambo lisilokuwa na nafasi yake katika kadi lilikuwa kama halipo duniani. Kadhalika kila saa ya kuhesabia iliweza kufika 9,999, wala si zaidi. Mtu wa 10,000 akija, mshale unarudi mwanzo. Makarani walilijua hilo, kwa hiyo waliziandika hesabu zao na kuzirudisha saa kwenye sifuri kabla hazijajaa. Mpaka ulikuwa wazi mbele ya macho yao, nao waliuchunga kama mchunga ng'ombe anavyochunga shamba la jirani.

Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikiisha kujaa, ukiongeza mahindi yanamwagika. Duka la sokoni halina shida, maana muuzaji na mnunuzi wote wanaona mahindi yakianguka chini. Shida ni kibaba ambacho kikijaa humwaga kimya kimya, na mwenye kupima aendelee kupima.

Hollerith alikuwa mvumbuzi hodari, lakini mtu mgumu katika biashara. Hakupenda kuuza mashine zake, alizikodisha tu, na wateja walinunua kadi kwake. Baada ya hesabu ya watu ya 1900, mkuu mpya wa ofisi ya hesabu ya watu, Bwana Simon North, aliona malipo yamezidi kiasi. Hollerith hakukubali kupunguza. Wakaachana. Serikali ikatengeneza mashine zake yenyewe kwa msaada wa fundi James Powers, na hesabu ya mwaka 1910 ikafanywa bila Hollerith. Alikwenda mahakamani asifanikiwe. Mwaka 1911 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, naye akapata mali nyingi. Mwaka 1914 Thomas Watson alishika uongozi wa kampuni hiyo iliyounganishwa, na mwaka 1924 ikapewa jina linalojulikana duniani kote, yaani IBM. Hollerith alibaki mshauri wao wa ufundi mpaka 1921, kisha akapumzika. Alifariki mjini Washington tarehe 17 Novemba, 1929, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kampuni ya IBM ilitoa kadi mpya yenye safu 80. Kadi hiyo ikaenea dunia nzima. Hata skrini nyingi za kompyuta zilizokuja baadaye zilitengenezwa ziwe na upana wa herufi 80, kwa kufuata kadi. Na kwa kuwa safu zilikuwa chache, watu walizifanyia ubahili. Badala ya kuandika 1965 waliandika 65, wakaokoa nafasi 2. Kadi zikaisha kutumika, lakini ubahili ukabaki ndani ya programu. Karne ilipokaribia kwisha, dunia nzima ilihangaika kutengeneza programu zake upya, kwa hofu kwamba mwaka 2000 utasomwa kama 1900. Hollerith alikuwa kaburini miaka 70.

Na hapa kwetu kazi yake ilifika kwa njia ya kuzunguka. Kampuni moja ya Uingereza ilipata haki ya kutumia uvumbuzi wa Hollerith. Mwaka 1959 iliungana na kampuni iliyoshika urithi wa yule mpinzani wake, Powers, na kampuni hizo mbili zikawa moja, jina lake ICT. Basi kompyuta ya kwanza ya Tanzania, iliyowekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500. Mahasimu wawili waliogombana Washington walipatanishwa katika jina la mashine iliyokuja Dar es Salaam.

Leo kibaba kimekuwa kikubwa, lakini kibaba ni kibaba tu. Programu za zamani za kutunzia hesabu za biashara, kama FoxPro na Access, zina mpaka wa faili, nao ni gigabaiti 2. Sababu yake si uvivu wa watengenezaji. Kompyuta hutaja mahali pa kila herufi kwa namba, na namba hiyo iliwekewa nafasi maalum, kama safu katika kadi. Nafasi hizo zilikuwa 32, na moja ikatengwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa, zikabaki 31. Ukizidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 31, unapata 2,147,483,648. Herufi inayofuata haina namba ya kuitwa. Tuseme habari za mtu mmoja ni herufi 1,000. Faili moja litachukua watu 2,147,483, basi. Hesabu ya watu ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120, karibu sawa na wale wa Hollerith wa 1890. Kwa faili za namna hiyo yangehitajika mafaili 29.

Jambo hili si la kuchekesha. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wakuu wa afya ya umma nchini Uingereza walikusanya majina ya waliopatikana na ugonjwa katika majedwali ya Excel ya namna ya zamani. Jedwali la namna hiyo lina mistari 65,536, wala haliongezeki. Mistari ilipojaa, majina yaliyofuata yaliachwa nje, wala hakuna kengele iliyolia. Toka tarehe 25 Septemba hata 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu. Wenyewe waliambiwa majibu yao, lakini watu waliokaa nao karibu hawakutafutwa kwa wakati ili waonywe wajitenge. Nchi tajiri, yenye wataalamu wengi, ilishindwa na kibaba kilichojaa.

Sasa tuseme langoni pa Hifadhi ya Mikumi pana programu ya kuhesabu wageni, na aliyeitengeneza ameipa nafasi 3 tu kwa siku. Itafika 999. Mgeni wa 1,000 akiingia, ubao utaonyesha sifuri, na jioni mkubwa wa kazi atadhani siku ile walikuja wachache. Hapo hasara ni ya fedha. Lakini tuseme ni daftari la zahanati ya kijiji chetu katika wilaya ya Kilosa, la watoto wanaongojea chanjo. Mtoto ambaye mstari wake haukupata nafasi hatatafutwa, na mama yake hatajua kwa nini. Au tuseme ni orodha ya watahiniwa, au ya wazee wanaostahili malipo. Mtu aliyemwagika nje ya kibaba hana wa kumlilia, maana karatasi inasema hayupo.

Kwa hiyo naona sifa ya Hollerith ni mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana, kwamba aliwapa wanadamu njia ya kuhesabu mamilioni kwa haraka. Ya pili ni kwamba mashine yake haikuficha mpaka wake. Karani aliyekaa mbele ya zile saa 40 aliona kila mshale ulipofika, akajua ni lini asimame na kuandika. Sisi tumerithi kasi ya mashine, tukaacha macho ya yule karani.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutakuwa makarani, wauguzi, walimu, mabwana shamba na wenye maduka. Kila mmoja atakabidhiwa orodha ya watu, iwe ya daftari au ya kompyuta. Siku hiyo tuulize maswali matatu kabla ya kuandika jina la kwanza: chombo hiki kinachukua wangapi? Kikijaa kitanijulisha kwa njia gani? Na jioni, majina niliyopokea na majina yaliyomo yanalingana? Swali hilo la mwisho halihitaji kompyuta yoyote. Linahitaji kalamu, karatasi, na mtu asiyeona uchovu kuhesabu mara ya pili.